Hesabu ya Mwekezaji na Hesabu ya Mchungaji



Mpendwa kijana, ukikaa Kariakoo jioni, wakati maduka ya simu ya mtaa wa Aggrey yanashusha mageti na wenye meza wanakunja maturubai yao, utasikia neno moja linarudi kila mara: mtaji. "Mimi nikipata mtaji tu..." Zamani sentensi hiyo ilimaliziwa na fremu ya duka au safari ya China. Siku hizi wengi wanaimalizia na aplikesheni: ya kuuza, ya kusafirisha mizigo, ya kukusanya michango ya kikoba. Na wapo vijana wachache, hasa waliosoma biashara na kompyuta, wenye ndoto ya hatua moja zaidi. Hawataki kuomba mtaji. Wanataka kuwa wale wanaoutoa.

Kazi hiyo ipo, na Waafrika Mashariki wanaifanya. Ni kazi ya kutafuta kampuni changa za teknolojia, kuzipa hela kabla hazijajulikana, na kusubiri zikue. Leo nataka tuiulize kazi hii swali la dhamiri: je, ni sawa mbele ya Mungu kuweka hela kwa watu kumi huku ukijua tangu siku ya kwanza kwamba wengi wao wataanguka?

Usikimbilie kujibu. Kwanza tuielewe kazi yenyewe.

Si mali kauli

Kila aliyekulia Kariakoo anaijua mali kauli. Mwenye duka la jumla anakupa mzigo bila hela na bila karatasi, kwa neno lako tu. Unauza, unarudisha hela yake, unabaki na chako. Leo umerudisha ya dazeni moja, kesho anakuamini na dazeni tano. Ni utaratibu mzuri, umewainua wengi. Lakini mali kauli ni deni. Ukiibiwa mzigo njiani kabla hujafika Mchikichini, deni liko palepale. Aliyekupa atakupa pole, halafu atakuuliza unalipa lini.

Mwekezaji wa kampuni changa hafanyi hivyo. Yeye hakukopeshi. Anakupa hela, na wewe unampa hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni yako. Kampuni ikikua, sehemu yake inakua. Kampuni ikifa, hela yake imekufa pamoja nayo, na kama hujamdanganya hana cha kukudai.

Mfano wa karibu ni Mtanzania Mbwana Alliy. Alifanya kazi Silicon Valley kule Marekani, kisha mwaka 2012 yeye na wenzake Erik Hersman na Paul Bragiel wakaanzisha mfuko wa uwekezaji uitwao Savannah Fund, makao yake Nairobi. Lengo lao la mwanzo lilikuwa kukusanya dola milioni 10. Kampuni changa za mwanzo zilipewa dola 25,000 kila moja pamoja na malezi ya miezi kadhaa: namna ya kutafuta wateja, kupanga bei, kutunza hesabu. Miaka hiyo M-Pesa ilikuwa imeshaanza Kenya (2007) na kwetu Tanzania (2008), lakini wenye hela wengi duniani bado hawakuamini kwamba kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kujenga kampuni ya teknolojia ya maana. Mtu aliyeacha njia iliyonyooka Marekani akarudi kuweka hela huku alikuwa anasema kwa vitendo: mimi naamini.

Sasa sikiliza hesabu yao ilivyo. Kwa kawaida mfuko wa namna hii unaishi miaka kama 10. Hela nyingi si za mwekezaji mwenyewe. Amezikusanya kwa watu na taasisi: mifuko ya pensheni, mashirika, matajiri. Yeye ni msimamizi. Kila mwaka anachukua kama asilimia 2 ya mfuko kwa ajili ya kuendesha kazi, na faida ikipatikana mwishoni anachukua kama asilimia 20 ya faida hiyo. Na faida yenyewe inapatikanaje? Chukua mfano wa kampuni kumi, kila moja imepewa shilingi 1. Sita zinakufa. Tatu zinarudisha shilingi zao, basi. Moja inarudisha shilingi 15. Jumla umepata 18, na ulitoa 10. Umeona? Kampuni moja imezibeba zote zilizokufa.

Kwa hiyo mwekezaji hodari anajifunza tabia moja: asipoteze muda mwingi kwa zile sita. Akishaona kampuni haina maisha, anaiacha. Muda wake, ushauri wake na hela zake za nyongeza anazipeleka kwa ile moja inayokimbia.

Je, hii ni kamari? Je, ni riba?

Wapo wanaosema hizo zote ni kamari za waliosoma. Tusiharakishe. Mcheza kamari hafanyi chochote kuifanya karata yake iwe nzuri. Mwekezaji wa kweli anakaa na waanzilishi, anawatafutia wateja, anawaambia ukweli mchungu kuhusu bidhaa yao. Hata Maandiko hayaogopi hatari ya namna hii. Mhubiri, sura ya 11, anashauri mtu agawe alicho nacho katika mafungu saba au hata manane, kwa sababu hajui balaa gani litaipata nchi. Ukisoma mahali hapo utaona kwamba mzee yule aliijua biashara.

Na kuna jambo vijana wengi Wakatoliki hatulijui kuhusu Kanisa letu. Kwa karne nyingi Kanisa lilipambana na riba, lakini halikuukataa ushirika wa biashara. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alitofautisha vizuri sana. Anayekopesha, alisema, amekukabidhi hela iwe yako, na hatari yote umeibeba wewe. Kwa nini basi adai zaidi ya alichotoa? Lakini anayemkabidhi mfanyabiashara hela kwa njia ya ushirika, hela bado ni yake na hatari bado ni yake. Huyo anaweza kudai sehemu ya faida bila dhambi. Papa Benedikto XIV, katika barua yake ya mwaka 1745 iitwayo Vix pervenit, alikataza riba kwa ukali, huku akikubali kwamba kuna mikataba mingine halali ya kupata faida. Majirani zetu Waislamu wa Kariakoo wanalijua jambo hilohilo kwa jina la mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana, na hasara ya mtaji inambeba mwenye mtaji.

Kwa hiyo kipimo cha zamani kilikuwa hiki: *nani anabeba hasara?* Ukitaka faida, ukubali kuumia pamoja na mwenzako.

Kwa kipimo hiki, mwekezaji anayetoa hela kwa hisa yuko mahali pazuri kuliko wengi. Mlinganishe na mikopo ya kausha damu. Mama ntilie anakopa laki moja, anarudisha kwa siku, na akishindwa wanakuja kubeba sufuria zake. Au zile aplikesheni za mikopo zinazotuma ujumbe kwa watu wote waliomo kwenye simu yako kukutangaza kuwa mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ile pia ni teknolojia. Ile pia ina watu nyuma yake waliotoa mtaji. Papa Yohane Paulo II, katika barua Centesimus annus ya mwaka 1991, alifundisha kwamba kuamua kuwekeza hapa badala ya pale, katika kazi hii badala ya ile, ni uamuzi wa kimaadili siku zote. Hakuna mwekezaji anayeweza kusema, "Mimi nilitoa hela tu." Ulichokilisha ndicho kilichokua.

Wasiokuwa mezani

Hapo sasa ndipo penye ugumu. Mwekezaji na mwanzilishi wamekaa mezani, wamesaini, wote wanajua kwamba kampuni inaweza kufa. Wamekubaliana. Lakini wapo wengine ambao hawakukaa kwenye meza ile, na hasara inawafikia.

Juni 2022, kampuni ya chakula ya Kune huko Nairobi ilifungwa, kama mwaka mmoja tu baada ya kupata dola milioni 1 za wawekezaji. Mei 2024, kampuni ya Copia, pia ya Kenya, iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka kadhaa ili kuwapelekea bidhaa watu wa vijijini, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Sisemi waanzilishi au wawekezaji wa kampuni hizo walitenda dhambi. Biashara zinakufa, hata za watu wema. Ninachosema ni kwamba kwenye jedwali la mwekezaji kampuni iliyokufa ni mstari mmoja wenye sifuri. Kwenye maisha, mstari huo ni wapishi, madereva, mawakala na wauza vocha, watu ambao hawakuwa na kampuni nyingine tisa za kuwafidia. Mwenye mfuko amegawa hatari yake mara kumi. Dereva wa bodaboda alikuwa na kazi moja.

Kariakoo yenyewe inatufundisha jambo hili kwa jina lake. Wengi wetu tunalitamka kila siku bila kulisikia. Jina hili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao walikaa eneo hili. Makumi ya maelfu yao walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Vita havikuwa vyao. Ramani hawakuichora wao. Faida, kama ilikuwepo, haikuwa yao. Kazi yao ilikuwa kubeba.

Kijana unayetamani kuwa mwekezaji, likumbuke jina hilo. Katika kila mpango unaoletewa, uliza: wapagazi ni akina nani hapa? Mambo yakiharibika, nani atalala njaa wa kwanza? Papa Leo XIII aliuliza hivyo kuhusu viwanda mwaka 1891 katika Rerum novarum, na swali lake halijazeeka.

Mchungaji anahesabu kinyume

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na ndilo lililonifanya niandike tafakari hii.

Soma tena Luka 15. Mtu ana kondoo mia. Mmoja amepotea. Anawaacha wale tisini na tisa, anamfuata yule mmoja mpaka amwone, anambeba mabegani. Sasa iweke hesabu hiyo karibu na ile ya mfuko. Mwekezaji anawaacha walioanguka ili amkimbilie mmoja anayekimbia. Mchungaji anawaacha wanaoendelea vizuri ili amfuate mmoja aliyeanguka. Hesabu ni moja, imegeuzwa juu chini.

Je, Yesu anatufundisha kufanya biashara hivyo? Sidhani. Mfuko ukikimbiza kila kampuni iliyokufa, mwishowe utazifukia zote pamoja, na pensheni za wazee waliowaamini itapotea. Kampuni ni chombo. Imeundwa kwa ajili ya kazi fulani, na kazi ikishindikana ni haki kuifunga kwa adabu. Hakuna malaika anayelia kwa sababu aplikesheni imefutwa.

Ila mtu si chombo. Mwanzilishi wa kampuni iliyokufa bado ni mtu mzima, hakupungua hata robo. Dhambi ya hila katika kazi hii inaingia pale hesabu ya kampuni inapovuka mpaka na kuwa hesabu ya watu. Jana ulimpigia simu kila wiki, leo hupokei yake. Jana alikuwa "kijana wetu", leo jina lake halitajwi. Hukumdhulumu hata senti. Umemfuta tu.

Hata kwenye biashara kuna nafasi ya subira. Katika Luka 13 mwenye shamba anakuja mwaka wa tatu, mtini hauna tunda, anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia mbolea. Hakuomba miaka hamsini. Aliomba mmoja, na alikubali kutoa jasho lake. Kampuni ya NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza na wazo la kurahisisha malipo ya simu hapa nyumbani. Baadaye ikageukia kutuma hela kutoka nje kuja Afrika, na mwaka 2024 ikapata dola milioni 40 za wawekezaji. Wazo lililoifikisha hapo silo lililoianzisha. Kama kila aliyehusika angetazama tunda la mwaka wa kwanza tu, shoka lingekuwa limeshapita.

Mwekezaji wa kwanza hakuvaa suti

Usidhani habari hii ni ya watu wa Nairobi na Marekani. Hesabu ya mfuko ipo majumbani mwetu.

Katika familia nyingi mwekezaji wa kwanza alikuwa mama aliyeuza ng'ombe, au baba aliyekatia shamba bei. Watoto sita, ada ya mmoja. Mmoja akachaguliwa: "Huyu ndiye atatutoa." Siwalaumu wazazi wetu. Walikuwa na kidogo, wakakigawa kwa matumaini. Lakini tazama kilichotokea kwa yule mmoja. Amemaliza chuo, amekuja Dar, miaka minne anazunguka, sasa anauza makava ya simu juu ya meza ya mtu mwingine. Desemba ikifika mabasi ya Moshi na Bukoba yanajaa, yeye anasema kazi zimembana. Si kazi. Anaona aibu kurudi mikono mitupu kwa watu waliowekeza kwake. Amejiandikia sifuri kwenye jedwali la familia, akaamua kujifuta mwenyewe.

Ndugu yangu, kama ni wewe, soma hiyo sura ya 15 mpaka mwisho. Baada ya kondoo kuna mwana aliyekula urithi wote. Huyo alikuwa hasara kamili, tena kwa makosa yake. Baba alimwona angali mbali, akakimbia. Hakumwomba ripoti ya matumizi. Wewe ambaye hukula urithi kwa anasa, ambaye ulijaribu na mambo yakagoma, unaogopa nini?

Na fikiria mfano wa talanta. Talanta moja ilikuwa hela nyingi, kama mshahara wa kibarua wa miaka ishirini. Wawili walifanya biashara wakapata faida, mmoja akaifukia. Yesu hakutuambia habari za mtumishi wa nne, aliyefanya biashara kwa uaminifu akapata hasara. Nimejiuliza mara nyingi bwana angemwambia nini. Ninachokiona ni kwamba yule wa tatu alikosa kwa sababu ya hofu: alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu asiyesamehe hasara, akaishi kama anavyofikiri. Sisi tumeonyeshwa Bwana mwingine, aliyewekeza kwetu sote tukiwa tumeshaanguka, na hasara akaibeba msalabani.

Basi, inafaa au haifai?

Inafaa. Kanisa linahitaji vijana watakaojua kusoma mizania, kuamini wazo ambalo bado halina mteja, na kukubali kupoteza pamoja na aliyejaribu. Ni afadhali mara mia kijana wa Kariakoo apate mshirika kuliko kausha damu. Lakini aingiaye kazi hii aingie na mambo matatu moyoni.

Kwanza, asilishe kinachonyonya, hata kama kinarudisha mara kumi na tano. Pili, kabla ya kusaini awatafute wapagazi, na kampuni ikifa ahakikishe mshahara wao wa mwisho umetoka kabla yeye hajaokoa chake. Tatu, siku kampuni inapofungwa ampigie simu mwanzilishi. Asizungumzie hela. Amuulize amelalaje, amekula nini, nyumbani wanajua?

Simu hiyo haitaonekana kwenye ripoti ya mfuko. Ni kazi ya Mchungaji, na haina asilimia 20.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya au kikundi chenu

1. Katika familia au kikundi chako, ni nani "amefutwa" kwa sababu hakutoboa? Utamtafuta lini?
2. Kikoba chenu kinafanya nini mwanachama akipata hasara isiyo ya uzembe?
3. Kazi au biashara unayoitamani: nani atabeba mzigo ikiharibika?

Sala: Ee Yesu Mchungaji Mwema, umetukabidhi akili, nguvu na hela kidogo. Utupe ujasiri wa kuthubutu na uaminifu wa kutunza cha wengine. Wanaoanguka njiani usiache tuwapite. Na siku tukianguka sisi, utufuate, utubebe. Amina.